Foklifti ya umeme: ichajiwe usiku kucha, mchana kidogo kidogo, au betri ibadilishwe?

Mwenye ghala wa Unga Limited au Njiro, jijini Arusha, anayefikiria kuiacha foklifti ya dizeli na kununua ya umeme hukutana mapema na ushauri unaopingana. Dereva atamwambia kwamba betri isichomekwe mpaka iishe kabisa, la sivyo itazoea kujaa nusu. Muuzaji wa chaja atamwambia ichomekwe kila dereva anapokwenda kunywa chai. Fundi wa betri za magari atasema kwamba betri iliyochoka huongezewa asidi, na kijana aliyeona pikipiki za umeme zikibadilishiwa betri kituoni atauliza kwa nini foklifti nazo zisifanyiwe vivyo hivyo. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, isipokuwa huyo wa asidi. Mkanganyiko unatokana na kuzungumzia betri za aina mbili, za risasi na za lithiamu, na njia nne za kuzichaji kana kwamba vyote ni kitu kimoja.

Maneno machache yafafanuliwe kwanza. Betri ya foklifti si betri kubwa ya gari, ingawa zote mbili kwa kawaida hutengenezwa kwa risasi na asidi ya salfa. Ya gari hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha hupumzika. Ya foklifti hutoa umeme wa wastani kwa saa nyingi mpaka sehemu kubwa ya akiba yake itumike, ndipo ijazwe upya, siku baada ya siku. Kwa sababu hiyo mabamba yake ya risasi ni manene, na uzito wa betri nzima unaweza kukaribia tani moja. Uzito huo si hasara, kwa kuwa unasaidia kuizuia mashine isipinduke kwa mbele inapoinua mzigo. Ndani yake mna seli zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na takriban volti 2, hivyo betri ya volti 48 ina seli 24. Uwezo wake hutajwa kwa ampea-saa. Ukizidisha volti kwa ampea-saa, kisha ukagawanya kwa 1,000, unapata kilowati-saa, ambazo ndizo uniti zile zile tunazonunua kwa Luku. Betri ya volti 48 yenye ampea-saa 600, ambayo nitaitumia kama mfano katika makala hii yote, hubeba uniti 28.8.

Si uniti zote hizo zinazopaswa kutumika. Kanuni iliyozoeleka kwa betri za risasi ni kutovuka asilimia 80 ya uwezo, yaani uniti 23 hivi katika mfano wetu, na kuziacha zilizobaki ndani. Kuitumia betri kwa kiasi hicho na kuijaza tena huhesabiwa kuwa mzunguko mmoja, na betri nzuri ya risasi iliyotunzwa hudumu kwa mizunguko kati ya 1,200 na 1,500. Ghala linalofanya kazi siku sita kwa wiki, kwa mzunguko mmoja kwa siku, litapata humo miaka minne hivi, na ikitunzwa vizuri zaidi itakaribia mitano.

Hapo ndipo imani ya dereva inapoanguka. Dhana kwamba betri isichomekwe mpaka iishe ilitokana na betri za nikeli na kadimiamu, zilizokuwa kwenye simu na redio za zamani. Betri ya risasi haina tabia hiyo, na kinachoiua ni kuachwa tupu. Kila inapotoa umeme, chumvi ya salfeti ya risasi hujengeka juu ya mabamba. Ikichajiwa mapema, chumvi hiyo huyeyuka na kurudi katika asidi, lakini ikiachwa kwa siku kadhaa hugeuka kuwa chembe ngumu ambazo chaja haiziwezi tena. Foklifti iliyoishiwa nguvu Jumamosi mchana na kuegeshwa hivyo hivyo mpaka Jumatatu asubuhi imekwisha kuanza kuumia, hata kama Jumatatu hiyo hakuna atakayeona tofauti.

Njia ya kale ya saa nane

Ili kuelewa kwa nini kuna njia nyingi za kuchaji, ni lazima kwanza kufahamu namna betri ya risasi inavyopokea umeme. Ni sawa na kujaza gunia la kahawa: mwanzoni unamimina kwa debe zima, lakini gunia likikaribia mdomo unalazimika kulitikisa na kuongeza kwa kiganja, na ukimimina tena kwa debe kahawa itamwagika. Mpaka asilimia 80 hivi, betri hupokea umeme mwingi bila taabu. Baada ya hapo volti ya kila seli hupanda na kufika karibu 2.4, na umeme unaozidi huanza kuyatenganisha maji yaliyomo kuwa haidrojeni na oksijeni. Mapovu huonekana, na mafundi husema betri inachemka. Wengi huchukua mapovu hayo kuwa dalili kwamba imejaa, wakachomoa, ilhali robo nzima ya safari inaweza kuwa bado. Sehemu hiyo ya mwisho haiharakishwi. Huhitaji saa tatu au nne za umeme mdogo, na isipokamilishwa mara kwa mara betri hupoteza uwezo wake polepole.

Njia ya kawaida ya kuchaji imejengwa juu ya tabia hiyo. Chaja huanza na ampea zinazolingana na asilimia 16 hadi 18 ya ampea-saa za betri, yaani kama ampea 100 kwa betri yetu, halafu huzipunguza kadiri betri inavyojaa. Kazi nzima huchukua takriban saa nane, na baada yake betri hupewa saa nyingine nane za kupoa kabla ya zamu ya saa nane ya kazi. Mgawanyo huu wa siku katika mafungu matatu unaonekana wa kizamani, na wauzaji wa vifaa vipya hupenda kuucheka, lakini kwa ghala lenye zamu moja ya mchana sijaona sababu ya kuuacha. Foklifti huegeshwa saa kumi na moja jioni, huchomekwa, hukamilika usiku, na alfajiri imepoa.

Jambo la kupoa linastahili uzito kuliko linavyopewa. Kuchaji hupandisha joto la betri, na joto ni adui wake mkubwa: kanuni inayotumiwa sana na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada juu ya nyuzi 25 hivi, zikidumu, hukata maisha ya betri ya risasi kwa nusu. Hapa Arusha na Moshi si mji mmoja. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini yake kwa zaidi ya mita 400. Mwezi Februari joto la mchana Moshi hupita nyuzi 30 siku nyingi, na chini ya paa la bati lisilo na dari hali huwa mbaya zaidi. Ratiba ya kuchaji inayovumilika Njiro inaweza kuichosha betri ile ile ikipelekwa Moshi mjini au huko chini zaidi kwenye tambarare za miwa. Kwa hiyo chumba cha kuchajia kiwe upande wenye kivuli na upepo. Upepo unahitajika pia kwa sababu ya haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa na hukusanyika darini, hivyo matundu ya kutokea yawe juu, karibu na paa. Dirisha la usawa wa kiuno halitoshi. Mfuniko wa sehemu ya betri uachwe wazi wakati wa kuchaji, na mtu wa kuchomelea vyuma atafutiwe mahali pengine.

Maji yanayogeuka gesi lazima yarudishwe, na hapa pana makosa mawili ya kila siku. La kwanza ni wakati. Betri hujazwa maji baada ya kuchajiwa, kwa kuwa maji yaliyomo hutanuka na kupanda wakati wa kuchaji. Ukijaza kabla, yatamwagika pamoja na asidi. Kabla ya kuchaji huongezwa kidogo tu endapo mabamba yameonekana nje. La pili ni aina ya maji. Maji ya visima na mabomba katika sehemu nyingi za Arusha yanajulikana kwa floridi na chumvi nyinginezo zinazotokana na udongo wa volkano, na ya chupa za kunywa nayo yana madini, hata kama lebo inaonyesha mlima wenye theluji. Betri hutaka maji yaliyotoneshwa au kuondolewa madini, basi.

Kuhusu asidi, kinachopungua katika betri isiyovuja ni maji. Asidi haiendi popote. Betri ikionyesha kipimo dhaifu kwenye haidromita, kile kifaa kinachopima uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji, ama haijajaa ama asidi yake imejifungia kwenye ile chumvi ngumu ya mabamba. Ukiiongezea asidi, kipimo kitapanda na kumfurahisha fundi, lakini mabamba yataliwa haraka zaidi. Seli iliyojaa husoma karibu 1.28, na iliyotumika mpaka asilimia 80 husoma karibu 1.14. Seli ikisoma chini sana ya 1.28 baada ya usiku mzima wa kuchaji, tatizo si la kutibiwa kwa dumu la asidi.

Kuchaji wakati wa mapumziko

Njia ya pili ndiyo ile ya muuzaji wa chaja: foklifti ichomekwe wakati wa chai, chakula cha mchana na mabadiliko ya zamu. Chaja yake ina nguvu zaidi, kama asilimia 25 ya ampea-saa, yaani ampea 150 kwa mfano wetu. Nusu saa ya chai huongeza ampea-saa 75, na saa moja ya mchana huongeza 150. Kwa pamoja ni zaidi ya theluthi ya betri. Kwa ghala ambalo siku yake ni saa 12 badala ya nane, hiyo ni tofauti kati ya kumaliza kazi na kukwama mlangoni na paleti mkononi.

Gharama yake ni kwamba betri haipoi, na mchana wote hukaa katika hali ya kujaa nusunusu. Asidi ambayo haikuchanganywa na mapovu ya mwisho hujitenga, iliyo nzito ikishuka chini na nyepesi ikibaki juu, na sehemu ya chini ya mabamba ikaliwa mapema. Kwa hiyo njia hii huambatana na sharti ambalo wanunuzi wengi husahau: betri ijazwe kikamilifu kila usiku, na angalau mara moja kwa wiki ifanyiwe kusawazisha, yaani kuendelea kuchajiwa kwa umeme mdogo kwa saa kadhaa baada ya kujaa, ili seli zote zilingane na asidi ichanganyike. Baadhi ya betri huwekewa pampu ndogo ya hewa inayoichanganya asidi wakati wa kuchaji, na hizo humaliza mapema zikiwa na joto dogo. Kwa mtu anayeagiza betri mpya ya risasi, nadhani ni nyongeza yenye maana kuliko chaja kubwa.

Ghala ambalo betri yake inamaliza zamu bila shida halina faida yoyote katika kuichomeka wakati wa chai. Linanunua joto tu. Mazoea ya simu, ambayo huchomekwa kila tunapoona tundu ukutani, yameingia maghalani bila kuhojiwa, na betri ya simu haina risasi ndani yake.

Njia ya tatu huitwa kuchaji kwa kasi, na hutumia asilimia 40 hadi 50 ya ampea-saa: ampea 240 hadi 300 kwa betri yetu. Betri hukaa kati ya asilimia 20 na 80 wiki nzima, kisha hupewa siku ya kujazwa na kusawazishwa kwa saa nane hadi 12. Lazima iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo, ikiwa na nyaya nene na kipimajoto kinachozungumza na chaja, na watengenezaji wengi hufupisha dhamana au kuiwekea masharti. Kwa betri ya risasi katika joto la Moshi, sioni ni nani ingemfaa.

Kubadilisha betri ndiyo njia ya nne, na ndiyo inayovutia wengi kwa sababu ya mfano wa pikipiki. Betri iliyoisha hutolewa, iliyojaa huingizwa, na foklifti haisimami zaidi ya dakika 15 au 20. Tofauti ni kwamba betri ya pikipiki hubebwa kwa mkono na hii hubebwa kwa winchi au hutelezeshwa juu ya roli za chuma. Kwa zamu tatu utahitaji betri tatu kwa kila foklifti, moja kazini, moja kwenye chaja na moja ikipoa, pamoja na chumba, kifaa cha kunyanyulia na watu waliofunzwa. Kiwanda cha vinywaji au cha sukari kisicholala kinaweza kumudu, na betri zake zitaishi maisha marefu kwa sababu kila moja hupata saa nane zake za kupoa. Duka la jumla la saruji lenye foklifti mbili likijaribu litajikuta na tani kadhaa za risasi na asidi zisizo na mahali pa kukaa, na vidole vya wafanyakazi vikiwa hatarini kila siku.

Lithiamu inabadilisha maswali

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanahusu risasi. Betri nyingi za lithiamu zinazowekwa kwenye foklifti ni za lithiamu, chuma na fosfeti, zenye volti 3.2 kwa seli. Seli 16 hutoa volti 51.2, na sokoni huitwa volti 48. Hazitoi gesi wakati wa kuchaji, hazitaki maji wala saa za kupoa, na hupokea umeme mwingi mpaka karibu na kujaa, hivyo saa moja au mbili zinatosha kwa chaja ya ukubwa unaofaa. Kuzichomeka wakati wa chai hakuzidhuru. Hudumu mizunguko 3,000 au zaidi. Muuzaji anayesifia kuchaji kidogo kidogo mchana kutwa anasema kweli juu ya betri hizi, na kosa ni kuuhamishia ushauri huo kwenye risasi.

Zinapoteza umeme kidogo pia. Ili foklifti itumie zile uniti 23, betri ya risasi itavuta kutoka ukutani kama uniti 30, na ya lithiamu kama 26. Uniti nne kwa siku, kwa siku 300 za kazi, ni uniti 1,200 kwa mwaka kwa kila mashine. Si haba, lakini peke yake hailipi bei ya betri ambayo mara nyingi ni maradufu ya ile ya risasi au zaidi. Kinacholipa ni zamu mbili au tatu zinazoendeshwa kwa betri moja, na mahali ambapo asidi haitakiwi kabisa. Wanaoshughulika na maua na mbogamboga zinazosafirishwa kupitia uwanja wa ndege wa KIA, ambako mzigo hukaa katika baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri, wana sababu mbili kwa pamoja: usafi wa ghala, na ukweli kwamba baridi hupunguza uwezo wa betri ya risasi kwa kiasi kinachoonekana. Waangalie jambo moja tu, kwamba betri hii haipaswi kuchajiwa ikiwa yenyewe iko chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo kwenye vyumba vya kugandisha nyama au samaki chaja hukaa nje.

Hatari kubwa ya lithiamu maghalani kwetu, kwa maoni yangu, ni kuchanganya vifaa. Chaja ya risasi ya volti 48 inaposawazisha inaweza kupandisha volti mpaka 62 na zaidi; betri ya lithiamu yenye seli 16 haipaswi kuvuka 58.4. Kompyuta ndogo ya ulinzi iliyo ndani ya betri itajaribu kukata umeme, na siku itakayoshindwa hakuna kingine cha kuzuia. Ghala lenye aina zote mbili liwe na plagi zisizoingiliana kabisa, kwa sababu rangi na maandishi peke yake havitoshi mtu akiwa na usingizi wa zamu ya usiku. Uzito nao hukosewa: lithiamu ni nyepesi, na foklifti iliyoundwa kubeba betri ya tani moja ikiwekewa ya nusu tani bila vyuma vya kufidia inaweza kuinuka nyuma ikiwa na mzigo. Kibao cha mashine huonyesha uzito wa chini wa betri unaoruhusiwa, na mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ana haki ya kukiuliza.

Umeme wenyewe

Linganisha sasa mahitaji ya njia hizi kwenye waya. Chaja ya kawaida kwa betri ya mfano wetu huvuta kama kilowati 6. Ya mapumziko kama 9. Ya kasi kama 18. Ya lithiamu inayojaza kwa saa moja inaweza kukaribia 30. Foklifti tatu zikichomekwa pamoja saa saba mchana kwa chaja za kasi ni kilowati 54 zinazoongezwa juu ya mashine nyingine za kiwanda. Wateja wakubwa wa TANESCO hawalipi uniti peke yake. Hulipia pia kilele cha matumizi ya mwezi kinachopimwa kwa KVA, kipimo cha nguvu kinachokaribiana na kilowati, na mchana mmoja wa matumizi makubwa unaweza kukipandisha kilele hicho kwa bili ya mwezi mzima. Wenye kiwanda wengi hugundua hilo kwenye bili ya kwanza, wakamlaumu muuzaji wa foklifti. Kuchaji usiku, au kuzipanga chaja zipokezane, kunaondoa sehemu kubwa ya gharama hiyo bila kununua chochote.

Halafu kuna kukatika. Kanda ya kaskazini iko mbali na mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme, na umbali huo ulitajwa na serikali mwaka 2025 ilipoeleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hii. Volti zikishuka jioni, chaja za zamani za transfoma hutoa umeme pungufu, lakini saa yake ya kuzungusha kwa mkono hufika mwisho vile vile na kuzima, na asubuhi foklifti hukutwa nusu. Chaja za kielektroniki huvumilia zaidi na hujua zilipoishia. Yeyote mwenye chaja ya saa anapaswa kupima seli mbili tatu kwa haidromita baada ya usiku wenye mgao, kabla zamu haijaanza. Jenereta inaweza kuokoa siku, ingawa uniti 30 zitakula takriban lita kumi za dizeli, na kilichokimbiwa kinarudi kwa mlango wa nyuma. Sola ya juu ya paa ina mantiki nzuri zaidi kwa lithiamu kuliko kwa risasi: kilowati moja ya paneli hutoa kama uniti nne kwa siku, kwa hivyo kilowati 7 hivi zinaweza kuilisha foklifti moja, mradi foklifti yenyewe iwe tayari kuchomekwa mchana, wakati jua lipo. Betri ya risasi inayochajiwa usiku hailioni jua hilo.

Moshi ina tatizo jingine ambalo vitabu vya watengenezaji hulitaja kwa mstari mmoja. Kazi ya kahawa ni ya msimu. Kuanzia mavuno ya katikati ya mwaka mpaka mauzo ya mwisho, ghala halina usingizi. Baada ya hapo foklifti inaweza kukaa miezi bila kuguswa. Betri ya risasi hujiishia yenyewe polepole hata ikiwa imechomolewa, na katika joto huenda kasi zaidi, kwa hiyo iegeshwe ikiwa imejaa, ichomolewe kutoka kwenye mashine, na ichajiwe upya angalau kila mwezi. Ya lithiamu hutaka kinyume: iachwe karibu nusu, izimwe kabisa, na ikaguliwe kila baada ya miezi michache. Betri za msimu hufa zaidi kwa mapumziko kuliko kwa kazi, na kumpa mlinzi mmoja daftari la tarehe za kuchaji ni nafuu kuliko seli 24 mpya.

La mwisho linamhusu anayenunua foklifti iliyotumika kutoka Japani. Nyingi kati ya hizo zina chaja iliyojengwa ndani ya mashine, na chaja hiyo imetengenezwa kwa umeme wa viwandani wa kule, ambao ni volti 200 za fezi tatu, wakati wetu ni 400. Haichomekwi ukutani moja kwa moja. Inahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye ukubwa unaotosha chaja zote zitakazotumika kwa pamoja. Betri iliyokuja nayo inaweza kuwa imevuka bahari ikiwa tupu na kukaa bandarini wiki kadhaa. Mnunuzi aombe ichajiwe usiku mzima kabla hajalipa, apime kila seli kwa haidromita asubuhi, na seli yoyote itakayopishana na nyingine kwa zaidi ya 0.03 aiulize kwanza. Bei ya transfoma, na ya betri mpya ikibidi, iwekwe mezani siku hiyo hiyo pamoja na bei ya mashine.